Dakika Arobaini na Moja

Kila Ijumaa mama huniuliza, akinipakulia ugali wa muhogo na kisamvu:
"Huko Shangani mnapika nini, Somoe?"
Nikimjibu hewa, hucheka mpaka kanga inamdondoka.

Haipikwi, mama. Inabanwa.
Hewa ileile unayoitoa puani,
ileile inayofurukuta kwenye chupa ya soda,
tunaifungia katika mtungi wa chuma
na kuikaba, baa mia mbili,
mpaka isahau kwamba ni hewa.
Inakuwa nzito kama kimiminika, nyepesi kama moshi,
haijui ijiite nani.
Kisha tunatia maji.

Hapo ndipo ugomvi.
Ukikoroga, maji yanatawanyika kwa shingo upande;
ukiacha, tone linamtafuta tone
kama watu wa ukoo mmoja kwenye msiba wa ugenini:
mkeka kwa mkeka wanasogeleana,
mwisho wote wako kona moja, chini, kimya.

"Basi hapo mnataka mshenga," akasema.

Ndiyo, mama, mshenga.
Kichwa chake kinapenda maji, mkia wake unapenda hewa.
Anasimama mpakani, kichwa ndani, mkia nje,
yeye na wenzake maelfu, bega kwa bega,
wanalizingira tone moja dogo kuliko vumbi.
Tone likimjia mwenzake, mikia inatangulia kukutana,
inasukumana, na kila tone linarudi kwake.
Mshenga wa mtaani hula kuku akaenda zake.
Huyu akiondoka tu, nyumba imevunjika.

Ila si kila mkia unafaa.
Wa sabuni ya kufulia, hewa hii inautema.
Ulionyooka unalalia wa jirani, wanagandana.
Nautaka wenye matawi, uliopinda, usiozoeana na mtu.
Nimeutafuta miaka miwili.
Nikauchonga kutoka kwenye ganda la korosho.

Hapo mama aliacha kucheka.
Akaigeuza mikono yake, akaitazama.
Miaka kumi na tisa alibangua korosho
na majivu viganjani, na mafuta ya ganda yakapita kwenye majivu.
Siku ya vitambulisho mashine ilimkataa mara tatu:
vidole havina alama,
kijana wa kompyuta akamuuliza, bibi, wewe ni nani?

"Yale mafuta? Yale yanayochoma?"
Yale yale. Nimeyapunguza ukali,
nikayapachika kichwa kinachopenda maji.
Hakusema kitu. Akaniongezea kisamvu.

Jumanne ilikuwa jaribio la kumi na saba.
Nangomwa kwenye pampu, mimi kwenye dirisha la yakuti,
dirisha dogo kama sarafu ya shilingi mia.
Kweupe. Kweupe kama tui la kwanza,
na tui likakaa.
Dakika kumi. Dakika ishirini, chai yangu ikiota utando.
Thelathini na tano, Nangomwa akaanza kupiga mluzi,
nikamwambia anyamaze, asije akaliamsha.

Dakika ya arobaini na moja umeme ukakatika.

Gesi inachimbwa hapa hapa kwetu, nasi tukashika tochi za simu.
Pampu kimya, vali ya zamani inavuja:
mia na themanini, mia na thelathini, tisini.
Hewa ikalegea, na mikia, ikikosa pa kujinyoosha,
ikajikunja kama jongoo aliyeguswa.
Matone yakabaki uchi, yakakumbatiana.
Tui likakatika.
Chini ya mtungi, maji. Kijiko kimoja cha maji.

"Kwa hiyo mshenga wako ameshindwa," mama akasema.
Hapana. Alishika mpaka nyumba yenyewe ilipolegea.
"Arobaini na moja," akarudia, kama anayehesabu fedha za mtu mwingine.

Alipokuwa akiosha sufuria, nilimwona kupitia mlango:
amesimamisha mkono ndani ya povu,
anaangalia mafuta yakiachana na chuma,
sufuria ikiwa imeshatakata zamani.

Jumatatu nitaandika barua ya kuomba jenereta.
Ya tatu hiyo.